Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2021

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe taarifa ya shughuli za chama cha walimu wa muziki kwa mwaka unaoishia Desemba 2021. Naanza na yale mnayoyajua ili tuyamalize upesi.

Shughuli za kawaida

Kamati tendaji ilikutana mara 7, kati ya hizo mara 5 kwa mtandao, kwa sababu ya korona. Masomo ya piano, gitaa na fidla yaliendelea mwaka mzima, ana kwa ana au kwa simu. Kwaya ilifanya mazoezi nje kwa miezi minne kisha ikasimama. Onesho la mwaka halikufanyika, kwa mara ya pili mfululizo. Yatokanayo na kumbukumbu za mwaka jana yameshughulikiwa yote isipokuwa suala la stoo. Kwa takwimu: wanachama 58, wapya 3, waliojitoa 6, vyumba vya kufundishia 4, vyombo vilivyoazimwa 31, vilivyorudi 27. Ninawashukuru katibu na mweka hazina.

Madirisha

Najua hili ndilo lililowaleta. Baadhi yenu sikuwaona tangu uchaguzi, na leo mmewahi viti vya mbele, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu ili lisije likasemwa tena pembeni.

Mei 2021 kamati, kwa pendekezo langu, iliamua kung'oa sponji na mbao zilizoziba madirisha ya vyumba vyote vinne ili hewa ipite na korona isituambukize, na kila somo la ndani likapunguzwa kutoka dakika 45 hadi 30, zilizobaki zikawa za kuacha chumba kipumue. Vyumba hivyo tulivichangia kwa miaka miwili ili visipitishe sauti. Silisahau hilo, kwa sababu aliyekuwa akipiga simu za kukumbushia michango ni mimi, na aliyeshika bisibisi siku ya kung'oa ni mimi pia, pamoja na mlinzi. Anayesema mwenyekiti kabomoa mali ya chama ajue kwamba nilibomoa jasho langu mwenyewe.

Mnauliza: mbona mwaka 2020 tulikazana na sabuni? Ni kweli. Tulifuta vinanda, tulifuta vishikizo vya milango, tulifungia tarumbeta za kuazima kwenye mifuko kwa saa 72 kwa kuwa watafiti walikuta virusi vya korona vinaweza kudumu kwenye plastiki na chuma cha pua kwa muda kama huo. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilitangaza kwamba ugonjwa huu hauenezwi kwa hewa, na baadaye likageuza kauli. Kama shirika zima liliruhusiwa kujifunza, sioni kwa nini kamati yangu iitwe kigeugeu.

Sabuni nayo ilitutia hasara, tusifichane. Kuna mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alipulizia dawa moja kwa moja juu ya piano ya chumba cha kwanza. Majimaji yakapenya katikati ya vibao. Kesho yake nilipoigusa do ya kati ilishuka na haikupanda. Nilikaa nayo jioni nzima, naiinua kwa ukucha, inashuka tena kama mtoto asiyetaka kuamka. Fidla mbili nazo zilibabuka vanishi shingoni kwa sababu ya vitakasa vyenye spiriti. Waraka wangu wa Agosti 2020 ulisema wazi: kinachotakaswa ni mikono ya mwanafunzi kabla hajagusa chombo, na kibao cha piano hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisichotiririka. Nina nakala hapa kwa asiyeusoma.

Kilichonigeuza mawazo ni habari ya kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walikutana ukumbini kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua. Mlangoni palikuwa na kitakasa mikono, na watu walijizuia kukumbatiana. Hata hivyo wagonjwa 53 walihesabiwa, 33 wakiwa wamethibitishwa kwa kipimo na 20 wakidhaniwa, na wawili walifariki dunia. Niliisoma taarifa hiyo mara tatu, kisha nikaviangalia vyumba vyetu. Vilikuwa vimezibwa kwa ustadi mkubwa hata sauti haikupata pa kutokea, sembuse pumzi.

Sikutaka ionekane nimetishwa na jambo nililolisoma tu, nikaazima kipimo cha hewa ukaa. Kipimo hiki hakioni virusi. Kinachoonyesha ni kiasi gani cha hewa mnayovuta kimeshatoka kwenye mapafu ya mwenzenu. Hewa ya nje inasoma kama 400 au kupita kidogo, kwa sehemu kwa milioni, na wataalamu wengi wanashauri chumba chenye watu kisizidi 800. Tulikiweka juu ya rafu katika chumba cha tatu: mwalimu wa tarumbeta, wanafunzi wawili, mlango umefungwa. Asubuhi kilisoma 430. Baada ya dakika 40 kilisoma 1,700. Mwalimu mwenyewe alikitikisa akidhani kimeharibika. Tuliondoa mbao za dirisha moja tu, tukaacha mlango wazi, na somo lililofuata halikuvuka 750. Asiyeamini yumo humu ukumbini na alikuwepo, ingawa sasa anasema hakumbuki.

Nusu saa nayo sikuiota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Chuo Kikuu cha Maryland, waliopima chembe ndogondogo za unyevu wa pumzi zinazotoka kwa waimbaji na wapigaji wa vyombo vya kupuliza, walishauri mazoezi ya ndani yakome baada ya dakika 30 na chumba kiachwe hewa ibadilike. Walishauri pia kitambaa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta au tromboni. Tulivishona, vikachekwa, tukaambiwa tumevisha vyombo barakoa. Ndiyo, tumevivisha.

Mwenzetu anayefundisha sauti aliniandikia barua ndefu akinitajia utafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, kwamba kuimba hakutoi chembe nyingi kuliko kuongea. Amesoma nusu. Utafiti huo unasema hivyo pale sauti zinapokuwa na nguvu sawa; ukitoka kwenye sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, chembe huongezeka mara 20 hadi 30, iwe unaimba au unaongea. Sasa mimi ninamfahamu mwenzetu huyo na wanafunzi wake, na sijawahi kuwasikia wakiimba kwa sauti ya chini.

Lipo na shutuma la kwamba niliwabana wapulizaji na waimbaji nikajiachia mwenyewe, kwa kuwa nafundisha piano. Mwanafunzi wa piano anaweza kuvaa barakoa somo zima, wa klarineti hawezi. Tofauti hiyo siyo mimi niliyeiumba. Na dirisha la chumba ninachofundishia ndilo lililong'olewa la kwanza. Nilifundisha Juni nzima nikipambana na pikipiki za barabarani, na mwanafunzi wangu mmoja akawa anafuata mapigo ya honi badala ya metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo.

Kuhusu majirani: malalamiko yaliyoandikwa ni 4, matatu kati yake yanatoka kwa mtu mmoja. Nilikwenda kuzungumza naye mara mbili. Tumekubaliana tarumbeta isipigwe mapema asubuhi wala baada ya jua kuzama, na yeye ameahidi kuvumilia. Kwa walimu waliopoteza robo saa ya malipo kwa kila somo, nawapa pole, nami ni mmoja wao. Nakiri jambo moja tu: barua ya uamuzi iliwafikia mbao zikiwa zimeshang'olewa. Katibu alikuwa mgonjwa. Lakini hata ingewahi, nisingesubiri mkutano mkuu usiopata akidi.

Mahudhurio na ada

Nikiwa hapo hapo kwenye akidi. Mkutano maalumu wa Machi uliitwa kwa mtandao ili mtu asisingizie nauli. Waliojiunga ni 11, kati ya hao watatu waliwasha picha, na mmoja alisahau kuzima kipaza sauti akawa anafundisha gitaa somo zima tukimsikiliza. Waliolipa ada kamili ni 21, waliolipa nusu 14, ambao hawajalipa kitu 23. Nimekaa na orodha ya waliotia saini barua ya kupinga madirisha. Ni 16. Sitataja majina wala kusema wangapi kati yao wako kwenye hiyo 23. Mweka hazina anayo karatasi, na mezani kwake hakuna foleni.

Wapo wanaosema hawajalipa kwa sababu masomo ya mtandaoni hayatumii vyumba vya chama. Nami nauliza: nani aliwafundisha kuzima ile sehemu ya programu inayodhani noti ndefu ya fidla ni kelele na kuikata? Nani aliwaeleza kwamba mwalimu na mwanafunzi hawawezi kupiga pamoja kwa mtandao kwa sababu sauti inachelewa, na kwamba kila mmoja apige kwa zamu? Warsha ile ilikuwa ya bure, niliiandaa mimi, na waliokuja walikuwa 9.

Mwaka ujao

Hali ikiruhusu tutafanya onesho, huenda nje. Tunafikiria kutafuta vichujio vya hewa ili siku moja tuweze kurudisha angalau sehemu ya sponji. Sponji hizo zimo stoo, hazikutupwa kama ilivyovumishwa, ila panya wamezionja kidogo. Kwaya itarudi, wakati utatangazwa. Kamati pia ina mawazo kuhusu vijana.

Mwisho, kile kipimo cha hewa tulikiazima, hatukukinunua, na tangu Novemba hakipo kwenye rafu ya chumba cha tatu. Mwenye nacho akirudishe kwa katibu. Chaja yake iko kwangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti