Kwa wazazi vijana: acheni kuwabandika watoto majina

Wanangu,

Nimenyamaza muda mrefu, lakini juzi uvumilivu ulinishinda. Katikati ya umati wa wageni, mama mmoja alimvuta mwanawe wa miaka kama mitano akamtambulisha: "Huyu ndiye mkorofi wetu. Babu yake mtupu!" Watu wakacheka. Mtoto naye akacheka, kisha akaenda kumpiga teke mwenzake na kugeuka haraka aone kama bado wanacheka. Walikuwa bado wanacheka.

Tunazo methali mbili zinazogombana, na kila mtu huchukua inayomfaa siku hiyo. Mtoto akiharibu, mwana wa nyoka ni nyoka. Akifaulu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sifa zote ni za mlezi. Wanasaikolojia wamezipima zote mbili kwa miaka mingi na hakuna iliyoshinda. Mwaka 2015 watafiti waliunganisha tafiti za mapacha za miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14, wakaona kwamba kwa wastani kama asilimia 49 ya tofauti zilizopo kati ya watu zinatokana na urithi. Msiisome takwimu hiyo vibaya. Inazungumzia tofauti baina ya watu wengi. Haisemi kwamba nusu ya ukorofi wa mwanao ni mali ya babu yake.

Ni kweli watoto hawazaliwi sawa. Aliyelea wawili anajua. Madaktari wa akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza mwaka 1956, huko New York, kuwafuatilia watoto zaidi ya 100 tangu uchanga hadi utu uzima. Walikuta kama asilimia 40 ni wepesi kulea, asilimia 10 ni wagumu, na asilimia 15 ni wale wanaochelewa kuzoea watu na mambo mapya. Waliobaki, zaidi ya theluthi, hawakuingia kundi lolote. Lakini hulka ya kuzaliwa peke yake haikuamua nani angepata matatizo baadaye. Kilichokuwa na uzito ni kama hulka hiyo ilipatana na matakwa ya wanaomlea.

Hapo ndipo mnaponikera. Mtoto ni wa kuchelewa kuzoea, mzazi ni mtu wa haraka. Mgeni akiingia: "Msalimie! Msalimie nasema! Una nini wewe? Huyu bubu, jamani, msimjali." Mtoto anajificha nyuma ya mguu wa mama, na mama anaona aibu kwa ajili ya nafsi yake, si kwa ajili ya mtoto. Angeachwa akae karibu dakika chache, amtazame mgeni na kumpima, huenda angesogea mwenyewe. (Kumficha kila mgeni anapokuja nako hakumsaidii. Azoezwe, ila kwa mwendo wake.) Badala yake amepata jina, na jina lina kazi yake. Mtoto wa umri huo bado hajui yeye ni nani. Anajifunza kutoka vinywani mwenu. Na nyinyi mkishamwita mkorofi, kikivunjika kikombe chumba cha pili mnamwita yeye kwanza, hata kabla ya kuuliza nani alikuwa huko. Akitulia siku nzima hakuna anayeona. Sasa kwa nini atulie?

Msidhani jina zuri ni salama. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walikata tamaa mapema walipokutana na maswali magumu, kuliko wale waliosifiwa kwa bidii yao. Sifia alichofanya. Kemea alichofanya. Utu wake uacheni, bado unajengwa.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Mtoto huiga: mwaka 1961 Albert Bandura aliona watoto waliomtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere wakifanya vivyo hivyo, hata kwa maneno yaleyale. Usimpe kitu kwa sababu umechoka na kilio. Tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo inayokataa kufa, na ukikubali mara ya tano umemfundisha kulia mara tano. Ukiahidi, timiza. Usimlinganishe na ndugu yake.

Lakini mzigo huu sitawatwisha nyinyi peke yenu. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika dhiki nyingi kwa pamoja, umaskini, ugomvi wa nyumbani, mzazi mgonjwa wa akili, theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na utu wema. Jambo moja walilokuwa nalo ni mtu mzima thabiti aliyewajali, na mara nyingi alikuwa bibi, mwalimu au jirani. Huyo jirani leo yuko wapi? Tumejifungia. Kazi zinawarudisha wazazi nyumbani mtoto akiwa ameshalala, mwalimu ana darasa lililofurika hata majina hayashiki, na wazee wenzangu tumebaki kulaumu malezi ya siku hizi tukiwa tumekaa. Mtoto akiharibika tunamtafuta mama yake tu. Baba yake hata hatumtaji.

Na kuna methali ya tatu, samaki mkunje angali mbichi, ambayo watu wazima wanaitumia kujisamehe: mimi nimeshakauka, ndivyo nilivyo. Si kweli. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka, wakaona haiba, yaani hulka na mwenendo wa mtu, inaendelea kubadilika, hasa kati ya miaka 20 na 40: watu wanakuwa watulivu zaidi na wenye kuwajibika zaidi. Huo ndio umri wenu. Kwa hiyo wewe baba unayesema hasira zako ni za ukoo, sikuombi uwe malaika. Toka nje upumue kabla hujafungua mdomo. Ukishindwa peke yako, mwendee mshauri nasaha, haina aibu. Na ukishampayukia mwanao, rudi umwombe radhi siku hiyohiyo, mbele ya wale waliosikia.

Mzee wenu