Barua kwa wanangu mnaoanza kusomea miji

Marahaba, wanangu wa mwaka wa kwanza, mnaosomea mipangomiji, jiografia na sosholojia ya mjini hapo Dar es Salaam.

Kuna maneno mtakayoyakuta katika ripoti nyingi: makazi holela. Nawaomba myaweke kando mpaka mtakapokuwa mmepima. Manzese na Tandale kuna utaratibu wake, na mara nyingi asiyeuona amekwenda na kipimo kisichofaa.

Anzeni na nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma penye jiko, choo na bafu. Mwanafunzi akiitazama kwenye picha ya setilaiti anaona paa moja la bati, anaandika kaya moja, kisha anazidisha kwa wastani wa watu kwa kaya alioutoa kwenye sensa. Hapo hesabu ya mtaa mzima imeharibika, na idadi ya vyoo na maji atakayoipendekeza nayo imeharibika. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Vyumba sita vya kupangisha vinaweza kuwa na kaya sita, na mwenye nyumba akawa wa saba kwenye banda la uani. Kwa hiyo msiulize tu, "Mko wangapi humu?" Ulizeni nani anapika na nani. Mkikaribishwa uani saa kumi na mbili jioni, mtaona majiko ya mkaa na mitungi midogo ya gesi, kila moja na mwenyewe. Yahesabuni hayo kabla ya kuhesabu milango.

Uchochoro upimeni pale palipobana kabisa. Wenye mita 4 mwanzoni na mita 1.2 kwenye kona ya choo cha jirani, andikeni mita 1.2. Pikipiki itapita, gari la kunyonya majitaka halitapita, na mpira wake una kikomo. Hii ni sababu mojawapo ya watu kutapisha vyoo masika yakianza, maji ya shimo yaende na mvua. Akitokea mwenzenu akaandika kwamba ni tabia ya uchafu, mrudisheni na tepu mkononi. Skeli nayo ina neno lake hapa: kwa 1:10,000 uchochoro huo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, yaani haupo kwenye ramani. Kwa 1:500 ni milimita 2.4, unachoreka na unaonekana.

Kosa jingine huwa halijionyeshi. Ramani nyingi za zamani nchini zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu zenu hutumia WGS 84; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali duniani kwa namba. Mkizilaza moja juu ya nyingine bila kubadili mfumo, kila kitu kinahama zaidi ya mita 300. Nyumba inaangukia mtaa mwingine na mchoro bado unapendeza machoni. Someni maandishi ya pembezoni mwa ramani kabla ya kuweka alama ya kwanza.

Kwenye maji, badilisheni kila bei iwe ya uniti. Dumu ni lita 20, uniti ni lita 1,000, basi madumu 50. Mama anayenunua dumu kwa shilingi 100 analipa 5,000 kwa uniti. Iwekeni namba hiyo kando ya bei iliyo kwenye bili ya mwenye bomba la nyumbani, ndipo mzungumze juu ya nani analipa zaidi mjini.

Mkihesabu wapitao barabarani, chagueni Jumanne hadi Alhamisi, gawanyeni muda kwa vipande vya dakika 15, mtu mmoja kila upande. Fomu iwe na safu ya mkokoteni, guta, bajaji na bodaboda, na waendao kwa miguu wasikosekane. Kisicho na safu hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakijengewi njia.

Mipango mikuu ya jiji la Dar es Salaam, ya 1949, 1968 na 1979, isomeni pamoja, michoro ikiwa mezani. Mtafuteni mkoloni humo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwazi wa Mnazi Mmoja ulioachwa kuitenga Kariakoo. Kisha chukueni eneo moja lililopakwa kijani kwenye mchoro, yaani lililopangwa libaki wazi, nendeni mkalione. Mkikuta nyumba, msikimbilie kusema watu wamevamia. Ulizeni lilikuwa shamba la nani na kama fidia ililipwa. Mchoro ukitangulia na fidia isifike, mwenye shamba huuza kipande kwa kipande, na mnunuzi ana karatasi yenye saini za mashahidi. Hiyo karatasi ni sehemu ya somo lenu kama ilivyo Sheria ya Mipangomiji ya 2007.

Ruhusa ianze mapema, hata wiki tatu kabla. Barua ya chuo inakwenda kwa mkurugenzi wa manispaa, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa. Ombeni mjumbe awasindikize, lakini nyumba zichagueni wenyewe, mfano kila ya kumi, maana yeye kwa wema wake atawapeleka kwa watu anaowafahamu. Na mlangoni, kabla ya swali lolote, semeni wazi kwamba hamkuja kwa bomoabomoa wala fidia. Watu wamewahi kuona alama nyekundu ya X ukutani baada ya wageni wenye mafaili. Msiandike chochote ukutani, hata kwa chaki.

Kazi ikishasahihishwa, chapisheni ramani kwenye karatasi ya A1, majina ya njia yakiwa yale wanayoyatumia wenyeji, muipeleke ofisi ya serikali ya mtaa. Akitokea mtu akaonyesha kwa kidole kwamba njia fulani imekosewa, chukueni kalamu mrekebishe hapohapo mbele yake.

Mzee wenu