Barua kutoka Berlin: picha ya mwezini ya 1929

Berlin, Jumapili usiku

Sahibu yangu Salim,

Assalam aleikum. Hapa hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na watoto wanauliza ile halua ya Lamu italetwa tena lini. Habari ya mguu wa Mzee nimeipata. Mpe pole zangu, na umwambie nina swali lake. Nitalifikia.

Jana sikuwa na zamu ya usiku, nikajikuta nimekwenda kuona picha. Si mpya. Ni ya 1929, bubu, haina rangi, inaitwa Frau im Mond, yaani Mwanamke Mwezini, ya mwongozaji Fritz Lang. Ilifunguliwa hapa hapa Berlin tarehe 15 Oktoba mwaka huo. Kando ya pazia ameketi bwana mmoja na piano yake, na huyo ndiye sauti yote utakayoisikia kwa karibu saa tatu.

Sikufichi, saa ya kwanza nilisinzia. Kuna matajiri watano wanaoitamani dhahabu ya mwezini, kuna jasusi aliyelaza nywele kwa mafuta mpaka zinang'aa, kuna mhandisi anayempenda mchumba wa rafiki yake na hasemi. Mambo ya kukunja uso na kushika kifua. Kila nikifumbua macho, bado wanafukuzana na karatasi za siri.

Halafu roketi ikatoka bandani, na usingizi wote ukaniruka.

Ni usiku, taa zinamulika kila upande, watu wamefurika. Milango ya banda refu kupita kiasi inafunguka, na roketi inatolewa imesimama wima, taratibu, kama jahazi linaloshushwa majini kwa mara ya kwanza. Na kweli inaingizwa majini, kwenye bwawa, kwa sababu wanasema ni nyepesi mno, haiwezi kusimama yenyewe. Hilo la bwawa halikuja kutokea. Lakini kule kutoka bandani wima, mbona tumekuona? Ndivyo Wamarekani walivyoitoa ya Apollo kule Florida, miaka 40 baadaye. Na hii ya Lang ni ya vipande pia: cha chini kikimaliza mafuta kinaachwa kidondoke, kinawaka cha pili. Abiria wamelala chali, maana wanajua watakandamizwa. Sakafuni kuna vitanzi vya kuingiza miguu na darini vya kushika, ili uzito ukipotea wasipae ovyo. Mmoja anataka kumimina kinywaji, kinatoka chupani kikiwa matone ya duara, yanaelea kama shanga zilizokatika uzi. Salim, Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, alikuwa bado hajazaliwa!

Hayo hayakuokotwa njiani. Lang alimwita mshauri, Hermann Oberth, mwalimu wa hesabu na fizikia kutoka Transylvania. Huyu alikuwa amepeleka tasnifu yake ya roketi Chuo Kikuu cha Heidelberg, ikakataliwa, akaitoa kitabu mwaka 1923. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, yule aliyekuwa akichora njia ya setilaiti ubaoni mpaka chaki inamwishia mkononi na sisi tunacheka. Basi wenye kampuni ya picha, Ufa, wakamtaka Oberth aunde pia roketi ya kweli, irushwe siku ya kufungua, iwe tangazo. Kuchora na kuunda ni kazi mbili. Mafuta yakamlipukia, akaumia jicho, na siku ilipofika hapakuruka kitu.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jambo moja dogo. Picha za sauti zilikuwa zimeshaingia, na Ufa wakamwambia Lang atie japo mngurumo wa roketi. Akakataa. Sasa picha bubu itakufanyaje ushike kiti wakati roketi inaondoka? Pazia likawa jeusi, yakatokea maandishi kwamba zimebaki sekunde kadhaa. Nyuso za abiria. Kisha tarakimu peke yake, kubwa, kisha nyingine, zikishuka. Yule bwana wa piano alianza kupunguza, mkono wa kulia akauweka pajani, akabaki kugonga kwa wa kushoto, sauti moja nzito kwa kila tarakimu. Ilipofika moja akaacha kabisa. Ukumbi mzima kimya, nasikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi. Likatokea neno JETZT, yaani sasa, likajaa pazia lote. Mkono ukashuka kwenye lever, na roketi ikaondoka bila sauti yoyote. Nakuapia niliusikia mlio.

Lang mwenyewe alieleza baadaye alikolitoa. Ukihesabu moja, mbili, tatu, mtazamaji hajui utaishia wapi, kumi au mia. Ukihesabu kwa kurudi nyuma, anajua. Maisha yangu yote nilidhani kule kuhesabu kinyumenyume ni mambo ya wahandisi, kuna mtambo unadai hivyo. Kumbe kwenye roketi kulianzia kwa mtu wa picha aliyetaka kutukaba roho!

Wakifika mwezini mambo yanaharibika, na hapo nilicheka peke yangu. Profesa mzee anashuka amevaa vazi la mzamiaji, anawasha njiti ya kiberiti. Inawaka. Anawasha nyingine. Basi, hewa ipo, anavua kofia! Halafu anatoa kijiti cha panda na kuanza kutafuta maji, kama wale wazee waliokuwa wakiitwa kuonyesha pa kuchimba kisima. Ilikuwapo dhana ya zamani kwamba upande wa mwezi tusiouona una hewa, Lang akaishikilia. Nadhani alitaka nyuso zao tuzione, maana picha bubu ukifunika uso umefunika kila kitu. Mchanga wenyewe ulisombwa kutoka pwani ya Baltiki ukamwagwa studio. Ni mzuri, mweupe. Nikiutazama naona pwani yetu ya Ngomeni tu.

Na lile bishano letu la stelingi unalikumbuka? Wewe ukisema stelingi hafi, akifa picha imekwisha. Hapa hewa ya kwenye mitungi inapungua baada ya risasi, haitoshi kuwarudisha wote. Wanachaguana kwa njiti. Inamwangukia yule rafiki mwenye mchumba, anayelialia kwa woga tangu mwanzo, lakini stelingi, yule mhandisi, anamnywesha dawa ya usingizi na kubaki yeye. Roketi inapaa. Anageuka, anamkuta yule bibi mchumba naye amebaki. Basi picha imekwisha. Hakufa, lakini hakurudi. Tumhesabu vipi?

Jina la roketi ni Friede, jina la huyo bibi, na kwa Kijerumani ni amani. Nilipofika nyumbani nikasoma yaliyofuata. Wanazi waliiondoa picha kwenye majumba ya sinema na kuchukua mifano ya roketi iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa kuwa sasa walikuwa na zao za siri. Tarehe 3 Oktoba 1942, kule Peenemünde, kituo chao cha majaribio, V-2, roketi yao ya vita, ya kwanza kuruka sawasawa ilichorwa chini yake nembo ya Frau im Mond. Walioiunda walikuwa vijana walioipenda picha hii. Miaka miwili baadaye roketi hizo zinaangukia nyumba za watu London na Antwerp. Oberth yeye aliishi kuiona Apollo 11 ikiondoka mwaka 1969, amealikwa, akiwa mzee wa miaka 75. Sijui nimweke wapi moyoni.

Sasa swali la Mzee. Alitusimulia mara ngapi habari za Waitaliano wa San Marco, lile jukwaa la kurushia roketi, la miguu ya chuma baharini pale Ngomeni, na ile tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, waliporusha setilaiti iliyoitwa Uhuru? Sisi tulikuwa tunauliza moto ulikuwa mkubwa kiasi gani, na kama samaki walikufa. Hatukuuliza la maana. Yeye alikuwa kwenye mashua ya kuwavusha, si ndiyo? Muulize kama aliwahi kuwasikia wakihesabu. Kwa redio, kwa vipaza sauti, vyovyote. Walihesabu kwa lugha gani, Kiitaliano au Kiingereza? Na walipofika mwisho, walisema sifuri, au walisema neno jingine?

Mrekodi kwa simu, usinieleze wewe, utaongeza chumvi.

Ni mimi wako,
Bakari