Misri 1956: barua kwa Mwalimu Salum

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi, na pole na kazi za shule. Uliomba nikupangie matukio ya Misri ya mwaka 1956 kwa ajili ya wanafunzi wako. Haya nimekupangia, ila nakusihi usiishie kwenye hotuba na vita. Uzito wa mwaka ule uko Septemba, mwezi ambao masimulizi mengi huupita mbio.

Mwaka ulianza kwa Sudan kujitawala, Januari 1. Juni 18 Nasser, kiongozi wa Misri, alipandisha bendera ya Misri Port Said, askari wa mwisho wa Kiingereza wakiwa wameshaondoka. Juni 23 kura ya maoni ikapitisha katiba iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura, naye akawa rais. Julai 19 Marekani ikafuta ahadi ya kugharimia Bwawa la Aswan, Uingereza ikafuata, na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ukaenda na maji kwa sababu ulitegemea fedha zao.

Jibu likatoka Alexandria, Julai 26. Katika hotuba ya Nasser, jina la de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa Mfereji wa Suez, lilikuwa ishara. Kikosi cha mhandisi Mahmoud Younis kilipolisikia redioni, kikaingia ofisi za kampuni ya mfereji, iliyokuwa hasa ya Waingereza na Wafaransa, na Misri ikaitaifisha. Wenye hisa waliahidiwa fidia. Mkataba wa kampuni, kumbuka, ulikuwa umebakiza miaka 12 tu.

Usiku wa kuamkia Septemba 15 marubani wengi wa kigeni, wale wanaoongoza meli mferejini, waliacha kazi kwa mpigo. London na Paris ziliamini mfereji utakwama. Hapa wachoree wanafunzi ubaoni. Meli hupita kwa misafara, kama kilomita 160, na wakati ule zilipishana kwenye Maziwa Machungu, maziwa ya maji yaliyo kwenye njia ya mfereji. Meli ikisogelea ukingo mno, maji yaliyobanwa katikati hukimbia na kimo chake hushuka. Tezi, yaani nyuma ya meli, huvutwa ukingoni, na omo, yaani mbele yake, hutupwa upande wa pili. Mwendo ukizidi, mvuto huo huongezeka na mawimbi hula kingo. Ukipungua mno, usukani haushiki. Na meli moja ikipanda mchanga, zote zilizo nyuma yake zinasimama. Marubani wa Kimisri, pamoja na Wagiriki waliobaki, walibeba kazi hiyo kwa zamu ndefu mno, na misafara ikapita. Kwangu mimi huo ndio ushindi mkubwa wa mwaka, na ulipatikana bila risasi.

Vita vyenyewe vilikuwa vifupi. Kwa mpango ambao Uingereza, Ufaransa na Israel ziliusuka kwa siri Sèvres, karibu na Paris, Israel iliingia Sinai Oktoba 29. Oktoba 31 ndege za Uingereza na Ufaransa zikaanza kupiga mabomu. Novemba 5 askari wa miavuli wakashuka Port Said. Marekani ilikataa kuinusuru pauni ya Uingereza iliyokuwa ikiporomoka, na usiku wa Novemba 6 mapigano yakasimamishwa. Waingereza na Wafaransa wa mwisho waliondoka Desemba 22.

Usisahau kwamba Misri iliziba mfereji kwa kuzamisha meli ndani yake. Umoja wa Mataifa uliongoza uopoaji, na njia ikafunguka kikamilifu Aprili 1957. Miezi yote hiyo, meli za Ulaya za kuja Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Wasalimie nyumbani.

Nduguyo,
Hamisi