Aliyehesabu Vitanzi Hakututukana: Barua kwa Wafumaji Wenzangu

Kiamunyi, Nakuru

Wanangu na wajukuu zangu wa kundi letu la kwenye simu la kufuma kwa sindano ya ndoano (krosheti),

Hamjambo. Wa Nakuru mnaniita Shosho, wa Kisumu mnaniita Dani, na yupo mmoja wenu wa Kakamega asiyeanza neno lolote nami kabla ya kusema "mulembe". Salamu hizo zote nazipenda. Leo nazichukua kama ruhusa ya kuwaambia jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mmemfukuza yule mama wa Ujerumani.

Najua mtasema ametoka mwenyewe. Nimeyasoma maneno yote, toka juu hadi chini, kisha nikayarudia. Binti yetu wa Nyalenda, kule Kisumu, alituonyesha picha ya blanketi lake la kwanza, la manjano na kijivu, nasi tukamshangilia: hongera, kali sana, moto! Mama yule akaandika mistari mitatu tu. Upande wa kulia unaingia ndani. Mstari wa 1 una vitanzi 112, wa 30 una 104. Unasahau kitanzi cha mwisho. Basi. Hakusema hujambo, hakusema hongera, hakusema pole na kazi. Kufikia jioni alikuwa ameshaambiwa ana roho mbaya, ana wivu, anawadharau Waafrika. Mmoja wenu alimwuliza ni nani aliyemwita. Kulipokucha hakuwepo.

Nimefuma kwa zaidi ya miaka 50, na swali langu ni moja: kati yetu sote, ni nani aliyehesabu?

Mimi nilijaribu baadaye. Niliikuza ile picha kwenye simu, nikahesabu mstari wa kwanza kwa ncha ya sindano. Nilipotea mara mbili nikaanza upya, na ilinichukua karibu nusu saa. Mama yule alihesabu mistari miwili, na ili ajue ni kitanzi cha mwisho kinachosahaulika ilimbidi akague ukingo wote, mstari kwa mstari. Mtu haifanyii hivyo kazi anayoidharau. Kazi unayoidharau unaipita tu.

Na niseme la kwangu pia. Ule mshazari niliuona siku ileile. Niliuona kabla yake. Nikaandika, "Hongera mwanangu," nikaweka simu kando nikaenda kupika. Nilijiambia mtoto asivunjwe moyo. Lakini mtoto huyo angefuma blanketi la pili na la tatu yote yakienda upande, na siku moja mteja angemrudishia mbele ya watu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, dawa mkononi, tukamtoa mlangoni.

Sasa niwaeleze ninavyomwelewa, maana nimekaa na watu wa aina nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kumkosea mtu vilevile mlivyokosea ninyi.

Mwaka 1979 mume wangu alikuwa akifanya kazi relini, akahamishiwa Kisumu. Nilikuwa na umri wa miaka 26, sijawahi kuishi nje ya Njoro. Jirani yangu, mama Mluo, aliniomba nimfumie vitambaa vya viti kwa sababu alikuwa na sherehe ya ubatizo wa mtoto. Nilifuma usiku kwa taa ya mafuta hadi macho yakauma. Siku ya sherehe nyatiti, kinubi cha Waluo, inapigwa, watu wamejaa uani, mara mama yule akainuka, akampa mpigaji pesa, muziki ukasimama. Akaanza kunitaja. Mimi ni buibui wa ziwani. Utando wangu unanasa macho ya matajiri. Anayekalia kitambaa changu hasimami tena hadi jua litue. Watu wakapiga vigelegele, wote wananitazama.

Nilidhani ananidhihaki. Nyumbani kwetu baba hakumsifu mtu usoni hata siku moja. Akikipenda kiti alichotengenezewa na fundi, alirudi kumwagiza kingine, na fundi akajua. Kwa hiyo sifa za mdomo, tena mbele za watu, tena kwa sauti ile, niliziona kama kuvuliwa nguo. Nilitokea mlango wa nyuma. Kwa miezi minne nilimsalimu jirani yangu huku nikitazama chini.

Mama mwingine wa pale ndiye aliyeniuliza kwa nini niliikataa zawadi. Nikamwuliza, zawadi gani? Ndipo akanieleza pakruok: mtu hulipa muziki usimame ili ajisifu au amsifu rafiki yake kwa mafumbo, halafu muziki unaendelea. Jirani yangu alikuwa ametoa pesa yake, naye hakuwa na pesa nyingi, ili jina langu lisikike katika mji ambao hakuna aliyenijua. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari bila kujua nianzie wapi. Alinipa chai. Hakuligusia kabisa jambo lile hadi tulipohama.

Ilikuwa ndani ya Kenya hiyohiyo, safari ya siku moja kutoka nyumbani. Sasa fikirini kuhusu Ujerumani.

Kule kusini mwa Ujerumani, kwa watu wa Swabia, wana msemo kwamba kutogombezwa ni sifa ya kutosha. Waholanzi nao huambiana kwamba ukiwa mtu wa kawaida tu, tayari umezidisha vituko. Warusi wanasema kicheko kisicho na sababu ni dalili ya ujinga. Sisemi kila Mjerumani ni hivyo, kama vile si kila Mluo hulipa nyatiti isimame. Lakini mtu aliyekulia penye misemo kama hiyo, akikuonyesha kosa lako bila sukari juu yake, kwake amekuheshimu. Amekuchukulia kama fundi mwenzake anayetaka kazi inyooke. Maneno matamu angeyaweka kwa mtoto mdogo, au kwa mtu ambaye kazi yake haina matumaini.

Wafumaji mnapaswa kulielewa hili kuliko watu wengine wote, kwa sababu limo katika kazi yetu wenyewe. Mnakumbuka shali za Pasaka? Nusu yenu zilitoka fupi kama kitambaa cha shingoni, mkamlaumu mwenye kutuandikia maelezo. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza cha Marekani, na nusu yenu mmejifunza kwa vitabu vya Uingereza. Mmarekani akiandika dabo (double crochet) anamaanisha kitanzi kirefu, ambacho mwanzoni mwa mstari unakiinukia kwa mnyororo wa 3, yaani vitanzi vidogo vitatu vilivyoshikana. Mwingereza akiandika dabo anamaanisha kitanzi kifupi, mnyororo wa 1 tu. Ndicho Mmarekani anachokiita singo. Na ile dabo ndefu ya Mmarekani, Mwingereza anaiita trebo. Neno ni moja, kimo ni tofauti. Hakuna aliyedanganya. Hata sindano zenyewe ni hivyo: ya milimita 4, Mmarekani ameigonga herufi G, na ile ya zamani ya Uingereza imeandikwa 8. Kwa hesabu ya zamani ya Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kinyume cha unavyotarajia. Ndiyo maana nawaambia kila mara, usianze kazi ya watu kabla hujafuma kipande cha kupimia, sentimita 10 kwa 10, ukahesabu vitanzi vyako ukalinganisha na vyao.

Maneno ya watu nayo yana kimo. Kipande cha kupimia hamkufuma. Mlisoma maneno ya Mjerumani kwa kimo cha Nyalenda na cha Kiamunyi, yakatoka mafupi, mkakasirika.

Na upande wa pili umetuumiza zaidi, ingawa hakuna aliyepiga kelele. Wale akina mama wa Marekani walioliona blanketi hilohilo waliandika kwamba hawajaona zuri kama lile mwaka mzima, kwamba wanakufa, kwamba wanalihitaji. Wawili waliandika hivyo, "nalihitaji." Binti yetu akahesabu hayo kuwa maagizo mawili. Akachukua madonge 18 ya uzi kwa mkopo pale soko la Kibuye. Alipowaandikia kuuliza anuani, mmoja alimjibu kwa upole kwamba alikuwa anasifu tu, mwingine hakujibu. Madonge yako chini ya kitanda, deni liko palepale. Niliambiwa na mama yake, si yeye. Yeye aliona aibu.

Wale akina mama hawakuwa waongo. Kwao "nalihitaji" ni namna ya kupiga makofi, kama sisi tunavyosema "moto" na hakuna mtu anayekimbia kuleta maji. Furaha yao ni ya kweli na mimi naipenda. Mtu mpweke akiamka asubuhi akaisoma, siku yake inanyooka. Ila sifa si agizo. Agizo ni rangi, kipimo, bei, na nusu ya bei ikiwa imeshaingia kwenye simu. Kabla ya hapo usinunue hata donge moja. Hilo deni la Kibuye nataka tulitafutie njia pamoja, na nimeanza na mimi: nimechukua madonge sita kwa bei yake kamili.

Msifikiri pia kwamba sisi ndio tunaoumizwa siku zote. Mnamkumbuka mama wa Uingereza aliyevaa sweta yake ya bluu akajipiga picha? Mmoja wetu alimwandikia kwa moyo mweupe kabisa, "Umenona, maisha yamekukubali." Hapa kwetu hiyo ni baraka. Kule aliyeambiwa hivyo ameambiwa amenenepa na kila mtu amemsikia. Hatukumsikia tena, na hatukujiuliza. Tunawauliza watu uzi walinunua pesa ngapi, wana watoto wangapi, mbona hawana mume, yote hayo kabla hata hatujaujua mji wao. Kwetu ni ukarimu, kwa Mwingereza ni kama kumfungulia kabati. Tunasema "pole" mtu akijikwaa, na mgeni anashangaa kwa nini tunaomba msamaha wakati si sisi tuliomsukuma. Tunasema "nitajaribu" tukimaanisha hapana, Mjerumani anakaa kungoja.

Siwaambii mwe kama Wajerumani. Nisingependa kuishi katika kundi ambalo mtu anaingia asubuhi bila kusalimu. Salamu zetu, hongera zetu, pole zetu, tuzishike. Ninachowaomba ni kwamba mtu akiwaambia neno lililo kavu, mpeni siku moja kabla ya kumjibu. Angalieni kwanza kama alilosema ni kweli. Chukua kazi, hesabu. Kama ni kweli, mwambie asante kisha umwulize swali, kwa maana watu wa namna ile hufunguka ukiwauliza swali la kazi, wala si ukiwauliza kama wanakupenda. Mkigundua amekosea, mwonyesheni hesabu yenu. Na akitukana kweli, maana wako wanaotukana kweli, pia wenye dharau wapo, niiteni mimi. Nitamjibu mwenyewe na sitamwonea haya. Lakini tusi tulijue kwa sura yake, tusilisingizie kila neno lisilo na tabasamu.

Na kati yetu wenyewe, hongera yako iambatane na jicho lako. Sema kilichokupendeza hasa: rangi zimekaana, ukingo umetulia, vitanzi vimelingana. Ukiona kitanzi kimepotea, sema kimepotea wapi. Ukiogopa kusema mbele ya watu, mpigie simu jioni. Mama wa kigeni asiwe peke yake anayewapenda watoto wetu kiasi cha kuwahesabia.

Wewe binti yangu wa Nyalenda, najua unasoma na najua umenyamaza siku zote hizi. Ulichofuma ni kazi nzuri. Umekaza uzi sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo wengi hulipata baada ya mwaka. Kosa lako ni la kila anayeanza: ule mnyororo wa 3 unaoinukia unahesabika kuwa kitanzi, kwa hiyo ukirudi lazima ufume juu ya kichwa chake, na kichwa chake hujificha. Mimi kilinisumbua miaka miwili na sikuwa na mtu wa kunionyesha.

Nimemwandikia yule mama, kwa jina langu peke yangu. Nilimsalimu kwa urefu kama tunavyosalimu, nikamwambia hesabu yake ni sahihi, nikamwomba radhi kwa yale mliyoandika. Ya kwenu mtaandika wenyewe. Siwezi kutubu kwa niaba ya watu wazima.

Jumamosi, saa nane mchana, njooni kwangu Kiamunyi. Binti wa Nyalenda atakuja na blanketi, nauli yake nimeshatuma. Tutalifumua kutoka juu hadi pale kitanzi cha kwanza kilipopotea, nadhani ni mstari wa tano au wa sita, kisha atalirudisha mwenyewe sisi tukihesabu kwa sauti. Kila mmoja aje na sindano yake ya milimita 4.

Jibu la yule mama lilifika jana usiku. Ni sentensi mbili. Anauliza uzi ule ni pamba au akriliki, na anasema kama ni pamba, ukingo ukazwe kidogo zaidi kwa sababu utalegea ukioshwa. Nimemwambia ni pamba, kwa kuwa Kisumu ni joto.

Shosho wenu, Dani wenu,
Kiamunyi