Risala ya kikundi cha wakulima wa ngano Basotu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, karibu sana Basotu, na pole na barabara maana tumeona gari ilivyobadilika rangi. Risala yetu ni fupi, mengine utayaona mwenyewe, sisi leo tunataka kuongelea fugwe tu, ule ugonjwa wa fangasi unaogeuza masuke ya ngano kuwa vumbi jeusi.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja alipanda mbegu aliyobadilishana na jirani, mbegu nono, ukiishika mkononi huoni kasoro, ikaota vizuri na shamba likawa la kijani mpaka watu wanapigia picha. Ngano ilipoanza kutoa masuke ndo tukaona yale yanayotangulia kuchomoza ni meusi tii, ukigusa unapakwa vumbi mikono na suruali, baada ya siku chache upepo ukalimaliza lote kikabaki kijiti kitupu. Suke la hivyo halina hata punje moja, kwa hiyo kwenye masuke 100 ukikuta 10 meusi, jua katika kila gunia kumi moja limeshaondoka.

Ubaya wa huyu fangasi mheshimiwa, lile vumbi linatua kwenye maua ya ngano ya jirani isiyo na ugonjwa, linapenya mpaka kwenye kiini cha punje na kulala humo, punje inakomaa kawaida, tunavuna, tunaweka ghalani, mwakani tunaupanda ugonjwa kwa mikono yetu wenyewe. Ndo maana waliokimbilia kupiga dawa shambani baada ya kuona weusi walitupa hela (mmoja wao ni mimi ninayesoma hapa). Dawa inayoishia juu ya ganda haimfikii, inatakiwa ile inayoingia ndani ya mbegu, kama zenye kaboksini au tebukonazoli, ichanganywe kabla ya kupanda. Njia ya maji ya moto ipo pia ila inataka kipimajoto, nyuzi zikizidi kidogo unakuwa umepika kande.

Tunaomba pipa la kuzungusha la kuchanganyia mbegu na dawa, sisi tutachanga nusu ya bei. Pia tuunganishwe na TARI Selian (kituo cha utafiti wa kilimo) na TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu) tufundishwe kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, yaani mbegu zinazozalishwa na wakulima wenyewe na kukaguliwa, maana bila hivyo watu wataendelea kubadilishana tu. Na mifuko yenye alama, kwa sababu mbegu yenye dawa haisagwi wala hawapewi kuku, na kuku wa huku hawaulizi.

Mheshimiwa, kwenye bahasha hapo mezani tumekuwekea suke lenyewe. Tafadhali usiifungulie karibu na shamba.

Naomba kuwasilisha.