Mbwa akiona beseni anakimbia: tuanzie wapi?

Wateja wengi wanaotupigia simu sisi waogeshaji wa mbwa husema mbwa wao anachukia maji. Ukidadisi, mbwa huyohuyo mvua ikinyesha hucheza kwenye madimbwi. Kinachomtisha ni vinavyoandamana na kuogeshwa: vigae vinavyoteleza, mpira unaomrushia maji ya baridi usoni, mnyororo mfupi, na dawa ya kupe inayochoma kwenye mikwaruzo. Akivipata vyote kwa mkupuo kila Jumapili, atajificha mara tu akisikia beseni linaburutwa.

Anza na sakafu. Mbwa anayeteleza hukakamaa, na aliyemshika naye humbana zaidi. Zulia la mpira ni zuri, lakini hata gunia lililoloweshwa linatosha. Siku tatu nne za kwanza usifungue maji kabisa. Mlete pale pa kuogea pakiwa pakavu, mpe vijipande vya maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, mguse miguu, masikio na mkia, kisha mwache aende zake. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Baadaye lete kopo tupu, halafu kitambaa chenye maji, halafu mimina kidogo miguuni tu.

Maini ndiyo kipimo chako. Akikataa kipande ambacho jana alikinyakua, umemzidishia. Rudi hatua moja. Kabla ya hapo huwa ameshasema: analamba midomo, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa, weupe wa macho unaonekana pembeni. Akinguruma, usimpige. Mbwa aliyezoeshwa kunyamaza hung'ata bila kuonya.

Siku ya kuoga, mchane kwanza akiwa mkavu, hasa wenye manyoya mengi kama Japanese Spitz. Manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza zaidi, na kuyachambua baadaye ni maumivu matupu. Fundo likishakaribia ngozi, usitumie mkasi: ngozi huinuka pamoja na fundo, na ukikata unaikata nayo. Hapo inahitajika mashine ya kunyolea.

Maji yawe vuguvugu. Mimina kwa kopo kuanzia miguu ya nyuma, panda mgongoni hadi shingoni. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa, na maji yasiingie masikioni. Tumia shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga hukausha ngozi, na tunaiona sana. Kusuuza kuchukue muda mrefu kuliko kupaka, maana povu linalobaki kwapani na tumboni huleta mwasho ambao watu hudhani ni viroboto.

Dawa ya kupe iwe na siku yake, mbwa akishazoea kuoga. Zile zenye amitrazi, kemikali ya kuulia kupe, zina harufu kali na zikizidi humlegeza mbwa, akasinzia na mapigo ya moyo yakashuka. Pima kwa bomba la sindano kama kibandiko kinavyoelekeza. Habari ya "kifuniko kimoja cha chupa kwa ndoo" achana nayo, kwani nguvu ya dawa hutofautiana chupa kwa chupa. Mbwa mwenye vidonda asipakwe, na maji ya dawa yaliyobaki usimwogeshee paka.

Kwenye kucha, ukucha mmoja kwa siku si mchache. Kata milimita moja au mbili tu. Ukucha mweusi hauonyeshi mshipa wa damu ulio ndani yake, kwa hiyo punguza kidogokidogo. Doa jeusi likitokea katikati ya sehemu uliyokata, simama. Damu ikitoka, bandika wanga wa mahindi na ubane dakika chache. Ukishaukata mshipa mara moja, tarajia wiki kadhaa za kuombana mguu.

Draya ya kukaushia manyoya iwashwe kwanza kwa mbali wakati anakula. Ikimshinda, taulo mbili na jua la asubuhi vinafanya kazi.

Kwetu, mbwa mwoga haogeshwi siku ya kwanza, hata mwenye mbwa akisisitiza. Ni maini, meza na kuguswa tu, na bei yake ni ndogo. Mje naye akiwa na njaa kidogo. Ila mbwa aliyekuwa akioga vizuri na ghafla hataki kuguswa sikio au kiuno, mpelekeni kwanza kwa daktari wa mifugo. Mara nyingi kuna usaha sikioni au viungo vinamuuma, na hilo haliondolewi kwa maini.